Pasi, Tikiti na Wimbo wa Baba

Baba hawezi kutunga wimbo bila kupiga pasi. Wapo wanaotunga wakitembea, wapo wanaotunga wakilala chali na kutazama dari, lakini Baba lazima awe na pasi ya moto, kibakuli cha maji ya kunyunyiza na nguo iliyojikunja. Akivipata hivyo, maneno humjia pamoja na mvuke.

Alifundisha muziki shuleni mpaka alipostaafu, na nyimbo nyingi zinazoimbwa na kwaya za mji wetu zimezaliwa juu ya meza yetu ya pasi, ile ambayo mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Majirani walishamzoea. Akibisha hodi jioni na kuuliza, "Jamani, hamna nguo zilizojikunja humu ndani?" walijua kuna wimbo njiani. Hata ukubwa wa wimbo waliujua kwa nguo alizoomba. Kwa tangazo la dawa ya meno zilimtosha leso mbili. Wimbo wa mahafali ulitaka mashati ya familia nzima. Akiomba shuka, watu walitazamana, kwa sababu shuka maana yake ni wimbo mrefu, wenye beti nyingi, ambao mji mzima utauimba.

Mazoea haya aliyaanza mimi nikiwa mchanga. Mama alikuwa muuguzi, na Baba ndiye aliyempigia pasi gauni lake jeupe la kazini, huku kwa mguu mmoja akisukuma kitanda changu ili ninyamaze. Nilikuwa mtoto wa kulia. Ilibidi aimbe. Alipoishiwa nyimbo za watu, akaanza kutunga zake.

Mama alifariki mwaka juzi. Baba aliendelea kupiga pasi, ila wimbo haukuja.

Alipiga pasi, nawaambieni. Mtaa wetu wote ulinyooka. Watoto walikwenda shule wakiwa na suruali ambazo ungeweza kukatia mkate. Fundi baiskeli alivaa ovaroli iliyopigwa pasi mpaka kwenye kifuko cha spana, akawa anaona haya kulala chini ya baiskeli za watu. Lakini wimbo, hata wa leso moja, haukuja. Nguo moja tu Baba hakuigusa. Ilikuwa gauni la mwisho la Mama, lililofuliwa na kukaa chini kabisa ya tenga, na kila wiki alizichukua nguo zilizo juu yake na kuliacha palepale.

"Kaka," Shangazi alimwambia siku moja, "hili taulo umelipiga pasi?"

"Lilikuwa limejikunja."

"Ni la kufutia miguu!"

"Miguu nayo ina heshima yake, dada."

Shangazi ni dada yake Baba, na alihamia kwetu baada ya msiba aje kutuangalia. Anatuangalia kweli, na kila anachokiona anakisema. Mimi ni kinyume chake. Mimi ni mtu wa aibu. Dukani nikipewa chumvi badala ya sukari, naondoka na chumvi. "Mficha uchi hazai," Shangazi huniambia kila anapokunywa chai isiyo na sukari.

Kazi yangu inanifaa, maana haihitaji maneno mengi. Ni msaidizi katika maabara ya chuo inayochunguza ubongo. Tuna kofia laini yenye nyaya nyingi. Namvisha mtu, napaka majimaji ya chumvi chini ya kila waya, na umeme mdogo mdogo wa ubongo wake unaonekana kwenye skrini kama mistari inayotambaa. Kofia ikishatumika lazima ikauke ikiwa na umbo la kichwa, la sivyo inanywea. Zamani tulikuwa na kichwa cha plastiki, kikavunjika. Tangu hapo tunatumia tikiti maji. Nikifika sokoni nachagua kwa utepi wa fundi cherehani, na muuza matunda hajawahi kuniuliza kwa nini. Ninamshukuru sana kwa hilo.

Mkuu wetu ni Profesa, mama mmoja mwembamba, mwenye haraka, ambaye miwani yake huwa kichwani wakati anapoitafuta mezani. Anachotafuta maishani ni kimoja tu: kuona kwa macho yake wazo jipya linavyozaliwa ndani ya kichwa cha mtu. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi huandaa mazungumzo ukumbini, msanii kiti hiki, yeye kiti kile, na watu wa mji wanakuja kusikiliza. Kabla ya mazungumzo msanii hupimwa maabara. Mwezi uliotangulia alikuja mchoraji, bwana mkubwa wa ndevu, akavishwa kofia, akaambiwa awaze picha mpya. Mistari ikawa mipana, mizuri, kama mawimbi ya ziwa. Profesa alikaribia kulia kwa furaha mpaka mchoraji alipokoroma.

"Nilikuwa nawaza kwa kina," alijitetea.

"Ulikuwa umelala, bwana."

"Na hukuona picha?"

"Niliona usingizi."

"Basi mashine yako haioni mbali."

Maneno hayo yalimchoma Profesa. Akasema pengine kosa ni letu. Mashine yetu ina chujio linaloondoa mitetemo isiyotakiwa, na huenda ndilo linalotupa mawazo pamoja na takataka. "Nani ametupa ruhusa ya kuchuja wazo la mtu?" alisema, akalizima. Kisha akaniuliza kama namjua mtunzi yeyote.

Mimi, ambaye sijawahi kujitolea hata kufuta ubao, nilisikia mdomo wangu ukisema, "Baba yangu."

Nina sababu yangu. Baba alikuwa ameanza kusema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, kwamba huenda wimbo umekwisha, ulikuwa wa Mama na ameondoka nao. Nilitaka mtu mwenye mashine amwambie kama bado umo.

Baba alikuja na pasi yake na meza yake yenye mpira. Maabara yetu hairuhusu hata simu kuingia, lakini Profesa alisema mtunzi apimwe katika hali yake, kama samaki majini. Nilimvisha Baba kofia. Akauliza, "Profesa, hiki kitu hakitaninyonya maneno?"

"Hapana, mzee wangu. Kinasikiliza tu."

"Kama jirani."

"Kama jirani."

"Haya. Vua koti."

"Samahani?"

"Hilo koti lako jeupe, mama. Limejikunja mgongoni. Nitaanza nalo."

Profesa alivua. Baba akachomeka pasi, akalowesha vidole, akanyunyizia maji. Mwanzoni mistari kwenye skrini ilitambaa kivivu kama siafu walioshiba. Halafu ghafla ikasimama, ikawa minene, imebanana, kama meno ya kitana. Profesa alinishika mkono mpaka nikaumia.

"Binti! Unaona?"

Niliona. Baada ya muda kidogo meno yalitoweka, siafu wakarudi. Mara meno tena.

"Linakuja, linapumzika, linakuja tena!" Profesa alinong'ona. "Mzee, sasa hivi umewaza nini?"

"Kola."

"Na sasa?"

"Bado niko kwenye kola."

"Anatunga bila kujua," Profesa aliniambia, macho yanang'aa. Alikwenda akamshika Baba mkono ule usioshika pasi. "Mzee wangu, wimbo umo. Haujaenda popote. Nimeuona."

Baba aliisimamisha pasi. "Umo?" aliuliza.

"Umo."

Tuliporudi nyumbani alibeba meza ya pasi begani kama kijana, na mimi niliyebeba pasi sikuweza kumfikia.

Jumatatu yake nilikuwa peke yangu maabara, natazama video ya siku ile, upande mmoja Baba, upande mwingine mistari. Kazi yangu ilikuwa kuandika ni wakati gani meno ya kitana yalitokea. Pasi ya Baba ina taa ndogo nyekundu. Inawaka pasi inapovuta umeme, inazimika moto ukitosha. Nilitazama taa, nikatazama mistari. Taa ikawaka, meno. Taa ikazimika, siafu. Taa, meno. Nikarudisha video nyuma, nikatazama tena huku nimejifunika mdomo.

Hakukuwa na wimbo. Ilikuwa pasi. Umeme wake ulikuwa unapenya kwenye nyaya za kofia kama redio ya jirani inavyopenya ukutani, na chujio ambalo lingeuzuia tulikuwa tumelizima kwa heshima ya mawazo.

Nilikwenda ofisini kwa Profesa nikiwa nimeshapanga sentensi yangu. Nilimkuta amesimama mbele ya picha ndogo ya rangi za maji iliyoegemezwa kwenye kabati.

"Niliichora nikiwa msichana," alisema kabla sijafungua mdomo. "Ni ng'ombe. Mama yangu aliniuliza kama ni meza. Sikuchora tena." Akacheka kidogo. "Ndiyo maana nataka kujua, binti. Wenzangu wanadhani ni sayansi tu. Nataka kujua kile walichonacho wao kinakaa wapi, na kama nami nilikuwa nacho. Alhamisi nitawaonyesha watu wote, baba yako akiwa hapo hapo. Eeh, ulikuwa unasema?"

"Nilitaka kukuuliza," nilisema, "kama nikuletee chai."

Nyumbani nilimkuta Baba amelitoa tenga uani. Nguo zote zilikuwa chini, na gauni la Mama lilikuwa mapajani mwake. Alikuwa hajalifanya kitu. Alilishika tu kama unavyoshika mtoto wa mtu.

"Profesa amesema umo," alisema. "Nimewaza, kama umo, mlango wake utakuwa huu."

"Baba," nilisema.

"Naam, mwanangu."

"Unataka chai?"

Aliipokea. Shangazi naye nilimpa. Kisha nikachemsha nyingine. Shangazi akanifuata jikoni, akafunga mlango kwa kisigino.

"Wewe ukiogopa kusema jambo unachemsha maji. Tumbo langu sasa linacheza kama mtungi. Kuna nini?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Kwa hiyo alichokiona yule mama ni pasi."

"Ndiyo."

"Na kaka yangu anadhani ni kichwa chake."

"Ndiyo, Shangazi. Nikisema, Baba atalirudisha lile gauni tengani na hatalitoa tena. Nisiposema, Profesa atasimama mbele ya mji mzima na kuwaonyesha pasi."

Shangazi alikuna kidevu. "Kaka yangu mwache kwanza. Lakini yule mwanamke mwambie kabla ya Alhamisi. Aibu ya faraghani ni kikohozi, aibu ya ukumbini ni ugonjwa."

"Nitamwambia kesho."

"Utampa chai," alisema Shangazi.

Na kweli nilimpa chai Jumanne. Jumatano nikampa na mkate.

Jumatano hiyohiyo umeme ulikatika mtaani kwetu tangu asubuhi, na Alhamisi jioni ulikuwa haujarudi. Nilitoka kazini moja kwa moja kwenda ukumbini kupanga vifaa. Baba alipoingia na Shangazi, wamebeba meza na pasi, nilishtuka. Shati lake lilikuwa limejikunja. Sijawahi, tangu nizaliwe, kumwona Baba nje ya nyumba na shati lililojikunja.

"Usiniangalie mimi," Shangazi alisema. "Nilimwambia apige pasi ya mkaa kwa jirani. Akasema hana haja. Hana haja! Kaka yangu! Nimemgusa paji la uso, homa hana."

Ukumbi ulijaa. Jukwaani kulikuwa na viti viwili, meza ya pasi, pasi yenyewe, kibakuli cha maji, na pembeni meza ndogo yenye kompyuta. Kando ya kompyuta kofia ilikuwa imekaa juu ya tikiti, nyaya zimeshachomekwa na majimaji nimeshapaka, tayari nimvishe Baba. Ukutani kulikuwa na skrini kubwa kama shuka. Chujio lilikuwa bado limezimwa. Mchoraji wa ndevu alikaa mstari wa mbele, amekunja mikono, amekuja kuona mwenzake atakavyolala.

"Mzee wetu," Profesa alianza, "watu wanataka kujua. Wazo linatoka wapi?"

"Kwangu mimi linatoka kwapani," alisema Baba.

Watu wakacheka. Baba hakucheka.

"Kwapani mwa shati. Ndipo pagumu. Kola unaipita, mgongo unateleza, lakini ukifika kwapani lazima upunguze mwendo. Na ukipunguza mwendo, neno lililokuwa linakufuata nyuma linakufikia."

"Sisi tunasema," Profesa alisema, huku akisogea ukingoni mwa kiti, "kwamba mikono ikishikwa na kazi iliyoizoea, sehemu fulani ya akili inaachiwa, inatembea ovyo, na huko ndiko inakokutana na mambo."

"Ndilo hilo kwapa."

"Ndilo hilo hilo, mzee."

"Mimi huwa bafuni!" mchoraji alipaza sauti. "Wazo linakuja nikiwa na sabuni machoni. Mbona hamkuniletea bafu?"

"Wewe tulikuletea kiti ukakifanya kitanda," Profesa alimjibu, na ukumbi ukapiga makofi.

Walizungumza vizuri sana. Baba alimwuliza kama wanasayansi nao hawana pasi zao, na Profesa akakiri kwamba mawazo yake yote mazuri yamemjia akimenya viazi, na kwamba hajawahi kuliandika hilo popote kwa kuona haya. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kompyuta, nikimwona mwanamke huyu anavyofurahi. Nilijiambia: akimaliza sentensi hii nitamfuata sikioni. Akamaliza. Nikajiambia: hii inayofuata.

"Na sasa," Profesa alisema, akisimama, "mtaona kwa macho yenu kile ambacho mimi nimekitafuta miaka yote. Binti, tumvishe mzee kofia. Ngoja kwanza, hii ipate moto."

Akachomeka pasi.

Taa nyekundu ikawaka. Na ukutani, kwenye skrini kubwa kama shuka, meno ya kitana yakasimama, manene, mazuri, yamebanana.

"Hilo hapo!" Profesa alisema, akiwaelekea watu na mikono wazi. "Hilo ndilo wazo linalozaliwa!"

Hakuna aliyepiga makofi. Baba alikuwa bado kwenye kiti chake, kichwa wazi, anakuna sikio. Mchoraji akainuka polepole, akanyoosha kidole.

"Profesa," alisema, "tikiti linatunga."

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika sokoni. "Lipeni karatasi!" mmoja alisema. "Liulizeni kama lina albamu!" Profesa aligeuka, akalitazama tikiti likiwa na kofia yake, akaitazama skrini. Tabasamu lilibaki usoni mwake kama nguo iliyosahauliwa kambani. Kisha akanitazama mimi.

"Binti?"

Ukumbi wote ukanitazama. Nilitafuta birika kwa macho. Halikuwepo.

"Ni pasi, Profesa," nilisema.

"Sauti!" watu wa nyuma walidai.

Kutoka katikati ya ukumbi nikasikia sauti ninayoijua. "Sema, mwanangu! Chai baadaye!"

"Ni pasi!" nilisema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko mimi. "Siyo tikiti, na siku ile haikuwa Baba. Ni umeme wa pasi unaingia kwenye nyaya. Chujio tumelizima. Taa ikiwaka mistari inasimama, taa ikizimika inalala. Nimelijua tangu Jumatatu. Nilikuja kukwambia nikakuletea chai."

"Zote zile?" aliuliza Profesa kwa mshangao.

"Zote. Na mkate."

Profesa alikwenda kwenye pasi, akaichomoa. Siafu. Akachomeka. Meno. Akachomoa tena, akachomeka tena, kama mtoto aliyegundua swichi. Niliona mabega yake yanatetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka miwani ikamtoka kichwani ikaangukia kwenye kibakuli cha maji ya Baba.

"Jamani," alisema akijipangusa, "nimezunguka kote kutafuta kipaji, nimepata waya."

Wakampigia makofi, safari hii ya kweli. Lakini alipomgeukia Baba hakuwa anacheka tena.

"Mzee wangu, nilikushika mkono nikakuambia wimbo umo. Sikuwa nimeona kitu. Niwie radhi."

Sikuweza kumtazama Baba. Nilitazama viatu vyake.

"Kwa hiyo haumo?" aliuliza.

"Sijui. Mashine haikusema umo wala haumo."

Baba aliwaza. "Sasa huu nilionao ni wa nani?"

"Upi?"

"Wa jana. Nimetunga jana."

Niliinua kichwa. Profesa akasogea. "Ulikuwa unapiga pasi?"

"Ndiyo. Gauni la mke wangu."

"Na pasi ilikuwa imewaka kwa muda gani?"

"Haikuwaka. Umeme ulikuwa umekatika."

Baba hajazoea kuzungumza na watu akiwa amekaa bila kazi mikononi, kwa hiyo alivuta ncha ya shati lake, akawa anainyoosha kwa kidole gumba.

"Nilishaliweka mezani," alisema. "Nikachomeka pasi, kimya. Nikajua nikilirudisha tengani leo, basi. Na wewe ulishaniambia umo. Nikasema siwezi kumfanya mama wa watu mwongo. Nikaipitisha hivyo hivyo, ya baridi."

"Na mikunjo ikatoka?" Shangazi aliuliza toka kwenye kiti chake. Hakuweza kujizuia.

"Hata mmoja haukutoka, dada."

"Imba basi!" alisema mchoraji. "Imba kabla tikiti halijakuibia!"

Baba alisimama. Hakuwa na chombo chochote. Aliweka kiganja juu ya meza ya pasi, akakipitisha taratibu kwenda na kurudi, na akaimba kwa sauti yake ile ya darasani, isiyo kubwa, inayofika.

*Kola nimeinyoosha, mfukoni nimepita,*
*Saa inakukumbusha, kazini wanakuita,*
*Sina wa kumuamsha, ila jina naliita:*
*Gauni liko tayari, mwenye gauni yu wapi?*

Ziko beti nyingine, lakini huo ndio nilioweza kuusikia vizuri. Baadaye kilio kiliniziba masikio. Shangazi alipenga kamasi kwa leso iliyopigwa pasi, mlio kama tarumbeta, na hakuna aliyemcheka. Mchoraji alikuwa ameinamisha ndevu kifuani, na safari hii hakuwa amelala. Profesa alijifuta macho kwa mkono wa koti lake jeupe.

"Usifanye hivyo, mama," Baba alimwambia. "Utalikunja."

Watu walipokuwa wanatoka, Profesa alinifuata nilipokuwa nakunja nyaya. Nilijua linakuja. Nikaanza kusema samahani, akanizuia.

"Kuanzia leo," alisema, "ukiniletea chai nitakuuliza kwanza ina nini ndani." Kisha akamgeukia Baba, sauti ikashuka. "Mzee wangu, hiyo ya baridi… unaweza kuja kuirudia maabara? Chujio nitaliwasha."

"Nitakuja," alisema Baba. "Wewe leta yule ng'ombe."

Profesa alinitazama. Nilitazama dari. Dakika chache kabla nilikuwa nimemnong'oneza Baba habari ya picha ile; kumbe nikishaanza kusema, nasema yote.

Tikiti tulilichukua nyumbani. Baba alilipasua mezani, akaliomba radhi kwanza kama mtunzi kwa mtunzi. Lilikuwa tamu sana. Shangazi alikataa kata kata, akasema yeye hawezi kulala na mawazo ya watu tumboni, halafu akala vipande alivyodhani hatuvioni.

Umeme umerudi. Gauni la Mama halikurudi tengani. Limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba na mikunjo yake yote, na hakuna anayeruhusiwa kulinyoosha. Jana jioni nilimsikia Baba akibisha hodi kwa jirani, akaongea kidogo mlangoni, akarudi ameficha kitu nyuma ya mgongo kama mwizi wa kuku. Shangazi akamzunguka kutazama, kisha akanijia jikoni mbio, macho yamemtoka.

"Shuka," alinong'ona. "Ameomba shuka."